Jedwali la Wastani wa Joto na Yaliyojificha Chini Yake

Kila anayeanza kuchambua picha za setilaiti, awe mwanafunzi au mtu wa mkataba, hufika mahali akatengeneza jedwali lile lile. Upande wa kushoto anapanga aina za ardhi: maji, msitu, nyasi, mashamba, ardhi tupu, majengo. Upande wa kulia anaweka wastani wa joto la uso wa ardhi kwa kila aina. Maji yanatoka na joto la chini kabisa, msitu unafuata, ardhi tupu na majengo yanagombania nafasi ya juu. Kompyuta inalitoa jedwali hilo kwa mistari michache ya msimbo. Na kwa kuwa linasema kile ambacho kila mtu alikuwa akikitarajia, hakuna anayeuliza.

Nimetengeneza majedwali ya namna hiyo mengi, na miaka ya karibuni naletewa ya wengine niyakague kabla hayajaingia kwenye ripoti. Ndilo la kwanza ninalolifungua, na ndilo la mwisho ninaloliamini. Namba zake si za kubuni. Tatizo ni kwamba linaunganisha ramani mbili zilizopatikana kwa njia zisizofanana hata kidogo, ya aina za ardhi na ya joto, na kasoro za kila moja hupata pa kujificha ndani ya mwenzake.

Nianze na ramani ya aina za ardhi. Setilaiti haitambui msitu wala shamba. Kinachofika kwenye vihisi vyake ni mwanga wa jua uliorudishwa na ardhi, ukiwa umegawanywa katika bendi: bluu, kijani, nyekundu, infraredi ya karibu, infraredi ya mawimbi mafupi. Jani bichi humeza mwanga mwekundu na kurudisha infraredi ya karibu kwa wingi, na hapo ndipo ilipozaliwa NDVI, kiashirio cha mimea, yaani tofauti ya bendi hizo mbili kugawanywa kwa jumla yake. Udongo mkavu hupanda taratibu kutoka bendi moja hadi nyingine. Maji safi hayarudishi karibu chochote ukishavuka bendi nyekundu. Mengine yote tunayoyaandika kwenye ufunguo wa ramani tumeyaamua sisi.

Chukua msitu. Kwa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, msitu ni eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti inayoweza kupita mita 5 kwa urefu na mwavuli wa majani unaofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi, mradi eneo hilo lisiwe la kilimo au la mji. Asilimia 10! Ukilitazama kutoka angani, karibu sehemu tisa kati ya kumi za unachokiona zaweza kuwa nyasi au udongo, na joto linalosomwa hapo ni la nyasi na udongo. Kwa hiyo nikiona mstari wa msitu wenye wastani wa nyuzi 31, nauliza kwanza mwavuli ulianzia asilimia ngapi. Aliyeweka mpaka kwenye 10 na aliyeuweka kwenye 60, wakitumia picha moja ya siku moja, watapata joto tofauti la msitu, na huwezi kumwambia hata mmoja kwamba amekosea. Wamepima vitu viwili wakavipa jina moja.

Kuna pia mvutano wa kudumu kati ya kinachofunika ardhi na matumizi ya ardhi. Nyasi za bustani na nyasi za malisho ni kitu kimoja mbele ya kihisi. Uwanja wa nyasi bandia ndio ninaopenda kuwaonyesha wanaoanza: jicho linaona kijani, NDVI inakataa kabisa kwamba pale kuna mmea, na kwenye bendi ya joto uwanja huo unawaka kuliko lami ya barabara iliyo pembeni yake. Mtu aliyeuchora kwa macho akauita nyasi ameingiza pikseli, yaani vigae vidogo vya picha, za moto kwenye mstari ambao ripoti itausifu kwa ubaridi.

Sehemu iliyonifunza zaidi, hata hivyo, ni sampuli, yaani maeneo ya mfano ambayo mashine hujifunzia aina za ardhi. Mtu anafungua picha isiyo na wingu, anachora poligoni (umbo linalozungushia eneo) katikati ya ziwa, nyingine katikati ya msitu mnene, nyingine juu ya mtaa uliobanana majengo, kisha anaiachia mashine. Mbinu inayopendwa ni ile ya Leo Breiman ya mwaka 2001, ambamo mamia ya miti ya maamuzi hupiga kura juu ya kila pikseli. Ni mbinu nzuri na inavumilia data chafu, na uvumilivu huo ndio unaowalevya watu. Pikseli za poligoni zinagawanywa kwa bahati nasibu, asilimia 70 za kufundishia na 30 za kupimia, na usahihi unatoka asilimia 97. Lakini kila pikseli ya kupimia ilikuwa imekaa bega kwa bega na ya kufundishia, ndani ya poligoni ile ile, juu ya maji yale yale. Majirani hufanana. Mashine imetahiniwa kwa maswali ambayo majibu yake ilikwisha kupewa.

Nilipoanza kugawa kwa poligoni nzima, na baadaye kwa maboksi makubwa yaliyotawanyika kwenye ramani, asilimia za usahihi zilishuka, na maneno ya kwenye ripoti yakabadilika nazo. Ramani ya dunia iitwayo WorldCover, iliyotengenezwa chini ya Shirika la Anga la Ulaya kwa pikseli za mita 10, ina usahihi wa jumla wa takriban asilimia 77 kwa toleo la mwaka 2021. Hao ni watu wenye data ya setilaiti zaidi ya moja, kompyuta kubwa na wakaguzi huru. Ramani ya eneo dogo inaweza kuwapita, kwa kuwa mahali ni pamoja na aina ni chache. Ila nikiwekewa 98 mezani, kabla ya pongezi naomba faili ya sampuli.

Kuhusu kapa, ile namba ya kupima makubaliano yanayozidi ya bahati, aliyoipendekeza Jacob Cohen mwaka 1960, sina mengi. Pontius na Millones waliandika mwaka 2011 kwamba haiongezi chochote cha maana kwenye kupima ramani, nami nimekubaliana nao. Naangalia jedwali la mkanganyiko mstari kwa mstari: nini kimeitwa nini, na mara ngapi.

Na mkanganyiko una tabia zake, ukishazizoea unazitarajia. Kivuli cha mlima huitwa maji. Eneo lililoungua huitwa maji pia, au lami. Shamba lililovunwa wakati wa ukavu huitwa majengo, kwa kuwa saruji na udongo mkavu hukaribiana katika karibu kila bendi, na kiashirio cha majengo kinachotumia infraredi ya mawimbi mafupi na ya karibu hupanda juu ya udongo mtupu kama kinavyopanda juu ya paa. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuacha kutegemea picha moja. Ukichukua picha za mwaka mzima, shamba litapata kijani mwezi fulani, paa halitapata kamwe. Kumbukumbu yote ya Landsat, setilaiti za Marekani, ni bure tangu mwaka 2008, Sentinel-2 ya Ulaya nayo ni bure tangu ilipoanza kuruka mwaka 2015, kwa hiyo sioni tena sababu ya kuainisha nchi kwa picha ya siku moja.

Hapa pana jambo ninalolikuta mara nyingi kuliko nilivyodhani. Mchambuzi anataka kutenganisha saruji na udongo, anaona bendi ya joto inasaidia, anaiingiza pamoja na bendi nyingine. Usahihi unapanda. Kisha, kwenye sura inayofuata ya ripoti ile ile, anakokotoa wastani wa joto kwa kila aina na kutangaza kwamba majengo yana joto kuliko udongo, au kinyume chake. Bila shaka yana joto tofauti. Joto ndilo lililotumika kuyatenganisha. Jedwali linamrudishia alichokitia. Nikiuliza, jibu huwa la mshangao wa kweli, maana sura mbili za ripoti zilisimamiwa kama kazi mbili, mara nyingine na watu wawili.

Sasa joto lenyewe. Landsat 8, iliyorushwa Februari 2013, na Landsat 9 ya Septemba 2021 kila moja ina kihisi cha infraredi ya joto chenye bendi mbili, na bendi ya 10 hupokea mionzi ya kati ya mikromita 10.6 na 11.2 hivi. Mionzi hiyo haitoki kwenye jua, inatoka kwenye ardhi yenyewe kwa kuwa ina joto. Unaigeuza kwa kanuni ya Planck kuwa kiwango cha joto kinachoonekana kutoka juu ya angahewa. Kutoka hapo hadi joto la uso wa ardhi kuna vizuizi viwili. Mvuke wa maji hewani humeza sehemu ya mionzi na kutoa ya kwake. Na kila kitu kina uwezo wake wa kutoa mionzi, emisiviti: maji na mimea hukaribia 0.99, udongo mtupu huwa chini kidogo, metali inayong'aa huwa chini sana.

Metali ndiyo iliyonifanya niiheshimu emisiviti. Kwenye picha ya mchana mmoja wa kiangazi kulikuwa na doa la baridi katikati ya eneo la viwanda, baridi kuliko miti ya jirani. Lilikuwa paa la ghala. Mwenye mradi alikwishaandika kwamba huenda ghala lina mitambo ya kupoozea. Tulipofika tukaelekeza kipimajoto cha mkononi cha infraredi kwenye bati jipya linalong'aa: kilisoma joto la chini kuliko la hewa tuliyosimama ndani yake. Tukabandika kipande cha utepe mweusi wa umeme juu ya bati, tukasubiri kidogo, tukapima utepe. Namba iliruka juu mno. Mkono haukuweza kukaa pale. Bati halikuwa baridi. Lilikuwa halitoi mionzi yake kwa wingi, na badala yake lilikuwa likirudisha ubaridi wa anga tupu lililo juu yake. Kihisi cha setilaiti kinaona kile kile kilichoonwa na kipimajoto chetu. Likishapata kutu au kupakwa rangi, bati hilo hilo hutoa mionzi vizuri na kuonekana la moto kama lilivyo. Hivyo mitaa miwili yenye mapaa ya aina moja, mmoja mpya na mwingine wa zamani, hutofautiana sana kwenye ramani ya joto bila wakazi wake kutofautiana hivyo kwa jasho.

Kwa vitu vya kawaida, kosa la emisiviti la 0.01 hugharimu takriban nusu nyuzi au zaidi kidogo. Inaonekana ndogo. Lakini njia iliyozoeleka ya kukadiria emisiviti hutumia NDVI: pikseli ya kijani hupewa 0.99, ya udongo hupewa 0.97 au karibu na hapo. Joto la udongo linapandishwa kwa hesabu hiyo kuliko la mimea, kwa zaidi ya nyuzi moja, kabla ardhi yenyewe haijasema neno. Kisha tunachora grafu ya joto dhidi ya NDVI na kufurahia mstari unaoshuka. Uhusiano huo upo kweli, mimea hupoza kwa kuvukiza maji, sibishi. Ninachosema ni kwamba sehemu ya mteremko tumeichora wenyewe, na tofauti yako yote ikiwa ni nyuzi moja na nusu, sehemu hiyo si ya kupuuza.

Wengi sasa wanatumia joto lililokwisha kukokotolewa, lile la Landsat liitwalo Collection 2 ngazi ya 2. Unazidisha namba ya pikseli kwa 0.00341802, unajumlisha 149, unapata Kelvin. Ukitaka Selsiasi unatoa 273.15. Ni kazi safi na inaokoa muda. Ila emisiviti yake imejengwa juu ya data ya ASTER, kihisi kilichoko kwenye setilaiti ya Terra, iliyokusanywa kati ya 2000 na 2008, ikirekebishwa kwa hali ya mimea ya siku ya picha. Mahali palipokuwa udongo wakati huo na leo pana mapaa ya bati, bidhaa hiyo haina njia ya kujua bati. Na palipo na pengo kwenye data ya ASTER, pana pengo kwenye joto. Nimeona watu wakiyalaumu mawingu kwa mashimo ambayo hayana uhusiano na mawingu.

Ningependa kukaa kidogo kwenye ukubwa wa pikseli, maana hapa ndipo jedwali linapovunjika kimya kimya kuliko kwingine kote. Ukipakua bendi ya joto ya Landsat 8 unapata pikseli za mita 30, zimekaa sawasawa juu ya pikseli za bendi nyingine. Usione vyaelea, vimeundwa. Kihisi cha joto huona kwa mita 100, na zile za mita 30 zimetokana na kulainishwa kwa hesabu ili zilingane na wenzake. Pikseli halisi ya joto ni hekta moja, na ndani yake zinaingia pikseli kumi na moja hivi za ramani yako ya aina za ardhi. Ukiwa umeainisha kwa Sentinel-2, ambayo haina bendi ya joto kabisa, zinaingia mia moja. Kuupa kila mti wa barabarani joto lake kutoka hapo ni sawa na kuipandisha familia nzima kwenye mizani, kisha ukatangaza uzito wa mtoto.

Niliwahi kuletewa rasimu iliyohitimisha kwamba miti ya mitaani haipunguzi joto, na ushahidi ulikuwa jedwali. Mstari wa "miti mjini" ulikuwa pungufu ya mstari wa majengo kwa kiasi kidogo sana. Miti yenyewe ilikuwa safu nyembamba kando ya barabara, upana wa pikseli mbili tatu za mita 10. Kwa kipimo cha mita 100, kila safu ilikuwa imemezwa na lami na mapaa ya pande zote mbili. Tulichofanya ni kukata kingo: tukabakiza pikseli ambazo zimezungukwa na aina yao wenyewe kwa zaidi ya mita 100 kila upande. Tofauti kati ya miti na majengo ikafunguka vizuri. Lakini sasa kilichobaki kilikuwa mabustani makubwa tu, na miti ya mitaani, ambayo ndiyo swali lilikuwa juu yake, ilitoweka kabisa kwenye hesabu. Jibu la haki likawa kwamba kihisi hiki hakiwezi kusema lolote kuhusu safu moja ya miti, la kuipendelea wala la kuipinga. Kwa hilo unahitaji kamera ya joto kwenye droni au kwenye ndege. Mwandishi hakulipenda jibu hilo, na sikumlaumu. Hakuna anayeandika pendekezo la utafiti akitarajia kuishia hapo.

Kukata kingo kuna gharama nyingine: aina zinazoishi kwa vipande vidogo hubaki na pikseli chache mno, na wastani wao huyumba. Ndiyo maana sitaki tena kuona wastani usio na idadi ya pikseli kando yake.

Wakati nao una mambo yake. Landsat hupita mnamo saa nne asubuhi kwa saa za jua za mahali husika. Saa hiyo udongo mkavu, ambao hauna unyevu wa kuvukiza wala unene wa kuhifadhi joto, umeshapanda haraka, ilhali saruji na mawe bado yanajaza akiba yao. Kwenye maeneo makavu nimeona mara kwa mara mji ukionekana na joto la chini kuliko nyika inayouzunguka, na mwenye ripoti akidhani kuna hitilafu. Hakuna hitilafu. Luke Howard, aliyeandika juu ya hali ya hewa ya London mwanzoni mwa karne ya 19, aliona mji ukizidi vijiji kwa joto hasa usiku, na alikuwa akipima hewa kwa vipimajoto. Usiku saruji hurudisha ilichokopa mchana, na maji, yaliyokuwa mstari wa chini kabisa kwenye jedwali la asubuhi, mara nyingi hupanda hadi juu. Jedwali lilelile, eneo lilelile, mpangilio umepinduka. Kwa picha za usiku natumia MODIS, kihisi kilichoko kwenye setilaiti za Terra na Aqua, pikseli za kilomita moja: kwa miaka mingi Terra ilipita mnamo saa nne na nusu asubuhi na usiku, Aqua mnamo saa saba na nusu mchana na usiku, ingawa katika miaka yao ya uzee njia zao zimesogea. Kilomita moja ni kubwa mno kwa mtaa, lakini inatosha kuonyesha kwamba saa nne asubuhi si siku nzima.

Na uso si hewa. Nimewahi kulazimika kumzuia mtu wa habari asiandike kwamba mji ulifika nyuzi 48 siku ambayo kituo cha hali ya hewa kilikuwa kimerekodi chini ya 35. Namba ya 48 ilikuwa ya lami na mapaa. Mfano ninaoutumia ni jangwa la Lut nchini Iran, ambako MODIS ilisoma nyuzi 70.7 za uso wa ardhi mwaka 2005, wakati rekodi ya dunia ya joto la hewa inayotambuliwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ni 56.7, ya Death Valley, Marekani, mwaka 1913. Zote mbili ni joto, na haziwekwi kwenye sentensi moja bila maelezo.

Kulinganisha miaka ndiko wengi wanakoishia: picha moja ya miaka ya 1990, nyingine ya miaka ya 2020, na sentensi kwamba joto limepanda kwa nyuzi kadhaa kutokana na ujenzi. Nauliza mvua ilinyesha lini kabla ya kila picha. Ardhi yenye unyevu wa wiki iliyopita husoma nyuzi nyingi chini ya ardhi ile ile ikiwa kavu, na mara nyingi tofauti hiyo peke yake inatosha kumeza habari yote. Kisha kuna vihisi: cha Landsat 5 kiliona joto kwa mita 120, cha Landsat 7 kwa mita 60, cha Landsat 8 kwa mita 100. Landsat 7 tangu 31 Mei 2003 ilipoteza kirekebisha mistari na kila picha yake ikawa na michirizi inayokula karibu asilimia 22 ya eneo. Nimezoea kutolinganisha nyuzi zenyewe. Nachukua tofauti kati ya mji na uoto wa jirani ambao haukubadilika, ndani ya picha ile ile, kisha nalinganisha tofauti hizo miaka kwa miaka, kwa picha nyingi za msimu mmoja. Mvua ikigusa, inagusa pande zote mbili, japo si kwa kipimo kimoja.

Mawingu nayapitia haraka: kinyago cha mawingu (alama za pikseli zenye mawingu) kinachokuja na data kikikosa, hukosa kwenye kingo na kwenye mawingu membamba ya juu, na wingu jembamba hushusha joto bila kuonekana kwa macho. Napanua kinyago kwa pikseli kadhaa kila upande. Na kwa kuwa tunabakiwa na siku za jua tupu, wastani wowote tunaoutoa ni wa siku za jua tupu, jambo linalostahili kuandikwa chini ya jedwali.

Jedwali langu la sasa limevimba. Lina idadi ya pikseli baada ya kukata kingo, lina kiwango cha chini na cha juu badala ya wastani peke yake, lina saa ya kupita, msimu, mpaka wa mwavuli uliotumika kwa msitu, na alama kwenye kila aina ambayo joto lilishiriki kuitenganisha. Mapaa ya bati nimeyapa mstari wao, na kisanduku chao cha joto nakiacha kitupu, kwa kuwa kwa bendi za Landsat sijapata njia ninayoiamini ya kutenganisha bati linalong'aa na lililopakwa rangi. Wenye miradi huniuliza kuhusu kisanduku hicho kuliko kingine chochote. Nawaambia namba inapatikana, ila ni kwa kupanda paani na vipimajoto vya kugusa, na hiyo ni bajeti nyingine. Baadhi wamelipa. Wengine wameomba mstari wa bati uondolewe, nami nimekuwa nikiurudisha kwenye kiambatisho.